Redio ya ridhaa iliyotumika, Kigoma: nitaijaribuje kabla ya kulipa bila kuiharibu wala kujidhuru?

Mkazi wa Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Leseni yangu ya redio za ridhaa, yaani za mawasiliano ya hiari yasiyo ya biashara, imeshatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nimepewa alama ya wito (jina langu la hewani) inayoanza na 5H, na kilichobaki ni kupata redio yenyewe. Redio mpya ya masafa mafupi ya wati 100 iko mbali sana na uwezo wangu, kwa hiyo nimekuwa nikiulizia zilizotumika. Hivi karibuni nimeelekezwa kwa mzee mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, ambaye alinunua mnadani vifaa vya taasisi iliyofunga shughuli zake mkoani kwetu.

Vitu alivyonavyo ni vitatu. Kuna redio ya Kijapani ya miaka ya 1980 ambayo nyuma yake pameandikwa volti 13.8 na ampea 20. Kuna pawa saplai nzito ya chuma iliyokuja nayo. Na kuna amplifaya ya valvu, yaani kikuza nguvu cha kurushia kinachotumia taa za kioo badala ya transista, yenye plagi ya Kimarekani, ile ya pini bapa. Mzee ni muungwana na hafichi kitu: anasema hajui kuvitumia, na anachokijua kwa hakika ni kwamba taa ya redio inawaka. Amekubali nije Jumamosi mchana nijaribu nitakavyo, mradi tukielewana nilipe siku hiyohiyo, kwa sababu yuko mteja mwingine wa Kasulu anayevitaka.

Nina maltimita, nina betri ya sola ya Ah 100, na ninajua kulehemu. Hata hivyo nina hofu mbili ambazo naomba mnisaidie kuzitenganisha. Ya kwanza ni usalama wangu na wa mzee mwenyewe pamoja na wajukuu wake wanaocheza hapo barazani, maana nimesoma kwamba amplifaya za valvu zina volti za kuua mtu hata zikiwa zimezimwa. Ya pili ni kwamba ninaweza kuiunguza redio nzima kwa kosa dogo kisha nikalazimika kuilipia. Nianze na nini, nibebe nini, na ni dalili zipi zikionekana nishukuru na kuondoka?

Fundi wa Isevya, Tabora

Hongera kwa leseni, kijana wangu. Umeuliza kwa wakati unaofaa, kwa sababu wengi huja kuuliza wakiwa wameshalipa na moshi umeshatoka.

Jambo la msingi ni mpangilio. Kifaa kilicholala miaka mingi hakijaribiwi kwa kukichomeka chote na kuona kama kinafanya kazi. Hujaribiwa kwa hatua, na hatua inayofuata haianzi mpaka iliyotangulia imekuridhisha. Umeme kwanza, kupokea baadaye, kurusha mwisho. Ukifika nusu na hukuridhika, hujapoteza chochote isipokuwa nauli ya kutoka Ujiji hadi Mwanga.

Kwa sababu hiyo, usikubali redio ile iwashwe kwa mara ya kwanza kwa pawa saplai ya mzee, hata kama mwenyewe amekwisha kuiwasha hivyo. Pawa saplai za zamani za transfoma hutumia transista kubwa kushusha volti ishirini na kitu hadi 13.8, na transista hizo zikipiga shoti, volti zote za juu humiminika moja kwa moja kwenye redio. Njoo na betri yako. Betri iliyojaa na kutulia itakupa volti 12.6 au zaidi kidogo, na redio nyingi za aina hiyo zimeundwa kufanya kazi ndani ya asilimia 15 ya volti 13.8, yaani kuanzia takriban 11.7. Waya usiwe mwembamba. Waya wa milimita 1 ya mraba wa mita mbili kwenda na mita mbili kurudi hupoteza karibu volti 1.4 ampea 20 zinapopita, nawe utadhani redio ni mbovu kumbe waya ndio unaoinyonga. Tumia wa milimita 4, na uweke fyuzi karibu kabisa na betri, kwa sababu betri ya sola ikipigwa shoti haina huruma kuliko umeme wa nyumbani.

Kabla ya kuunganisha chochote, ikague redio mezani kwa mwanga wa kutosha. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimekwaruzwa na kulika, jua kuna mkono uliokwisha kuingia humo, na uulize uliingia kutafuta nini. Inusishe kwenye matundu ya kupozea, maana rezista iliyoungua huacha harufu isiyoondoka kwa miaka. Kwetu huku sisimizi na mende hupenda sana vifaa vyenye joto, na nyinyi wa kando ya ziwa mna unyevu wa kuongezea, kwa hiyo angalia soketi ya antena kama ina kutu ya kijani. Kisha ufungue kishikio cha fyuzi kwenye waya wa umeme. Fyuzi ya ampea 20 au 25 iliyozungushiwa waya wa shaba ni ushahidi kwamba iliwahi kuungua mara kwa mara na mtu akachoka kununua nyingine. Mimi nikiiona hiyo, redio naihesabu kwa bei ya vipuri mpaka ithibitike vinginevyo.

Pima pia kwa maltimita kati ya waya mwekundu na mweusi wa redio ikiwa imezimwa. Redio nyingi zina dayodi ya kulinda dhidi ya kugeuza nyaya, na mtu akikosea chanya na hasi, dayodi hiyo hujitoa mhanga na kubaki shoti. Mita ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, usiunganishe betri.

Yote yakiwa sawa, washa na uiache ipate joto kwa robo saa au zaidi huku ukiangalia namba za masafa. Kuna kasoro za uzee zinazojulikana kwa wanaredio duniani kote na ni vema uzijue kwa aina ya redio utakayoikuta. Katika Kenwood TS-440S, gundi iliyozungushiwa sehemu ya kutengeneza masafa huanza kupitisha umeme kwa uzee, na dalili yake ni vidoti vinavyotokea mahali pa namba. Katika Icom IC-751, maelekezo ya kompyuta yake ndogo yanatunzwa na betri ya ndani, na betri hiyo ikifa redio husahau kazi yake. Yaesu FT-857, ambayo ni ya baadaye, kioo chake hujaa mistari kama ya pundamilia. Zote hizi hutengenezeka, lakini lazima ziingie kwenye bei.

Sasa kupokea. Chukua waya wa mita 20, ukate katikati, uunganishe kebo ya antena hapo kati, na uutundike juu ya mwembe. Hiyo ni antena ya kutosha kwa megahezi 7. Utundike mbali na nyaya za TANESCO kiasi kwamba hata ukikatika na kupeperuka usizifikie. Zingatia onyo hili kuliko yote niliyoandika hapa.

Weka redio megahezi 7.1, chomoa plagi ya antena, sikiliza, kisha irudishe. Mvumo unapaswa kupanda mara moja na kwa wazi. Usipopanda, redio ni kiziwi, na kwa Kigoma sababu ya kwanza ya kuishuku ni radi. Mashariki mwa Kongo, ng'ambo tu ya ziwa lenu, ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani, na redio iliyoachwa na antena yake msimu mzima wa mvua inaweza kuwa imechomwa sehemu ya mbele ya kupokea bila kuonyesha alama yoyote nje. Rudia jaribio hilo kwenye kila bendi, yaani kila fungu la masafa, kwa sababu kila bendi ina vichujio vyake, na redio inaweza kuwa nzima kwenye 7 na mfu kwenye 14.

Halafu sogea megahezi 14.100. Hapo upo mtandao wa vituo vya ishara vya NCDXF na IARU, mashirika ya wanaredio wa ridhaa, vituo 18 duniani vinavyopokezana katika mzunguko wa dakika tatu, kila kimoja sekunde 10. Kila kituo hutaja alama yake kwa msimbo wa Morse, kisha hutoa mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1 na wa mwisho wati 0.1. Kile cha Kenya, 5Z4B, kikiwa hewani, zamu yake huanza dakika 1 na sekunde 50 baada ya mzunguko kuanza. Kabla yake hutangulia ZS6DN cha Afrika Kusini na baada yake hufuata 4X6TU cha Israeli. Usivunjike moyo ukikikosa cha Kenya, maana kwenye megahezi 14 kituo kilicho karibu mara nyingi hurukwa na mawimbi, na cha mbali kikasikika vizuri zaidi. Ukiweza kuusikia mstari wa wati 10 au wa wati 1 kutoka mbali hivyo, basi sikio la redio hiyo ni zima, na hakuna muuzaji anayeweza kukupa ushahidi bora kuliko huo.

Mwombe mzee azime taa za LED, chaja za simu na kidhibiti cha sola kama anacho. Vitu hivyo hutoa kelele nyingi kiasi kwamba utaikataa redio nzuri kwa kosa la taa.

Mkazi wa Ujiji

Fundi, shikamoo, na asante sana. Jambo la fyuzi na la kupima dayodi sikuwa nalo kabisa akilini. Nimebaki na swali la kurusha. Mzee hana antena wala mita ya SWR, ile ya kupima kama antena inalingana na redio, na mimi sitaki kupiga kelele hewani kwa redio nisiyoijua. Jirani yangu fundi wa muziki ananishauri nifunge balbu ya gari kwenye soketi ya antena ili nione kama inawaka. Je, inafaa?

Mwanaredio wa Gungu

Habari za kazi, mkuu. Tuko mji mmoja, kwa hiyo naona nijibu hili kabla ya Jumamosi.

Balbu haifai. Uzi wake ukiwa baridi una upinzani mdogo sana na ukipata moto upinzani unapanda mara nyingi, kwa hiyo redio haikutani kamwe na omu 50 inazozitarajia, na transista za mwisho zinaweza kuumia. Zaidi ya hayo, balbu na nyaya zake hurusha mawimbi hewani, jambo ambalo ndilo unalotaka kuliepuka. Kurusha bila kitu chochote kwenye soketi ni vibaya zaidi. Usikubali hata mara moja kubonyeza maikrofoni ili tu kuona sindano ikicheza.

Unachohitaji ni mzigo bandia wa omu 50, unaomeza nguvu ya redio badala ya kuirusha hewani, na unaweza kuutengeneza leo usiku. Chukua rezista 20 za omu 1,000, kila moja ya wati 2 au 3, uziunganishe zote sambamba kati ya vipande viwili vya bati la shaba, na utapata omu 50 zinazoweza kumeza wati 40 hadi 60 kwa muda mfupi. Zisiwe zile za waya uliosokotwa ndani, kwa maana hizo hugeuka koili kwenye masafa ya redio. Tafuta za kaboni au za oksidi ya metali. Miguu iwe mifupi, soketi ya antena ya aina ya SO-239 iwe karibu, na upime kwa maltimita kabla ya kuondoka nyumbani: isome karibu na 50. Watu huzitumbukiza kwenye mafuta ili zivumilie zaidi. Kwa jaribio fupi huna haja, na tafadhali mtu asikuletee mafuta ya transfoma ya umeme. Ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na kemikali za PCB ambazo ni sumu inayokaa mwilini, na hata kama ni mapya, mara nyingi yametolewa kwenye transfoma ya mtaa wa watu.

Mita ya kupima nguvu unaweza kuibadilisha kwa dayodi moja aina ya 1N4148 na kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.01. Dayodi inachukua volti kutoka kwenye mzigo, kapasita inazishika, na maltimita yako inazisoma kama volti za betri. Hesabu yake ni volti mara volti, gawa kwa 100. Wati 10 zitakupa karibu volti 31, na wati 5 karibu volti 22, ukitoa nusu volti au zaidi kidogo inayobaki kwenye dayodi. Usizidishe wati 10 kwa dayodi hiyo. Inavumilia kurudi nyuma volti 75 tu, na katika mzunguko huu hukutana na mara mbili ya volti za kilele. Kwa wati 100, ambazo kilele chake ni volti 100, ingepasuka papo hapo. Dayodi za pawa saplai kama 1N4007 nazo zina uwezo wa volti lakini huitikia polepole mno kwa masafa haya.

Kwa hiyo punguza nguvu ya redio hadi chini, weka kwenye Morse, bonyeza kwa sekunde tano, soma, achia. Fanya hivyo kwenye kila bendi. Bendi moja ikitoa volti 31 na nyingine 8, tatizo liko kwenye kichujio au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya bendi hiyo. Bendi zote zikitoa kidogo kwa usawa, shuku transista za mwisho, na hapo bei ibadilike kabisa, kwa sababu transista za nguvu za redio za miaka ile ni ghali na za bandia zimejaa sokoni. Wakati wote huo mwache mtu aangalie volti za betri. Zikianguka chini ya 11.7, unachopima ni udhaifu wa betri. Kwa ajili hiyo usichukue betri ya bodaboda. Inatosha kupokea, ambako redio hula ampea moja na nusu au mbili, lakini haiwezi kurusha.

Nitakuja na redio yangu ndogo. Tutaiweka chumba kingine na kipande kifupi cha waya, ili usikilize sauti yako mwenyewe ikitoka. Mita haiwezi kukuambia kama sauti imekwaruza, inayumba, au ina mvumo wa umeme ndani yake. Sikio linakuambia kwa neno la kwanza. Hata kwenye mzigo bandia taja alama yako ya wito na utumie bendi zako halali tu, kwa mfano 7.0 hadi 7.2, kwa maana mawimbi kidogo huvuja.

Na kuhusu karatasi: mwombe mzee hati ya mnada. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifaa vya kurushia si bidhaa ya kushikwa hivihivi bila idhini, na wewe mwenye leseni ndiye utakayeulizwa kimetoka wapi. Namba ya kifaa kwenye bati la nyuma ilingane na iliyoandikwa kwenye hati. Bati likiwa limebanduliwa, sitakusaidia kununua.

Dada wa Umeme, Kazi Moyo

Kaka wa Ujiji, naona wakubwa wamemaliza habari ya redio, lakini amplifaya na pawa saplai hazijasemwa vya kutosha, na mimi kazi yangu ni umeme wa majumbani na viwandani, kwa hiyo niruhusuni niwe mkali kidogo.

Amplifaya yenye plagi ya Kimarekani imetengenezwa kwa volti 117 hivi. Soketi ya mzee ina 230. Mtu akibadilisha plagi tu na kuichomeka, transfoma yake itapata karibu mara mbili ya stahili yake, na kapasita za volti kubwa zinaweza kulipuka ndani ya muda mfupi. Nyingine zina nafasi ya kubadilisha kwenda volti 230 kwa ndani, lakini kulijua hilo ni lazima uifungue, na kuifungua ndiyo hatari yenyewe. Ndani kuna volti 2,000 hadi 3,000. Kapasita zake zimewekewa rezista za kuzimaliza umeme baada ya kuzima, na rezista hizo zikiungua kwa uzee, umeme unabaki humo ukimsubiri mtu, hata kama waya umechomolewa siku iliyotangulia.

Wanaofanya kazi hiyo huchomoa plagi kabisa, husubiri, kisha hugusisha sehemu ya volti kubwa kwenye mwili wa chuma kwa fimbo ndefu isiyopitisha umeme yenye rezista na waya wa erthi, halafu hupima, halafu hugusisha tena na kuiacha fimbo hapohapo wakati wanafanya kazi. Mkono mmoja huwa mfukoni, pete na saa zimevuliwa, na haachwi mtu peke yake. Kazi hiyo haifanywi barazani kwa mtu, Jumamosi mchana, watoto wakipita. Ushauri wangu ni kwamba usiiwashe na usiifungue. Valvu zilizolala miaka mingi, kama zile za aina ya 3-500Z, zinaweza kuwa zimeingiza gesi, na volti kubwa zikija ghafla cheche huruka ndani na kuua vilivyobaki. Ama uinunue kama mzigo usiojulikana, kwa bei ya mzigo usiojulikana, ama uiache. Na ukiichukua, usikwangue wala kupiga tupa sehemu nyeupe za kauri ndani yake. Baadhi ya kauri za vifaa vya nguvu zina oksidi ya beriliamu, na vumbi lake huharibu mapafu.

Pawa saplai inajaribika, lakini si kwa kuichomeka moja kwa moja ukutani. Fungia balbu ya nyuzi ya wati 100, si ya LED, mfululizo na waya wa moto. Ukiwasha, balbu itawaka kwa nguvu kwa sekunde moja kisha itafifia. Ikibaki kuwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti na balbu imewaokoa. Hakikisha pia kwa maltimita kwamba pini ya erthi imeungana na bodi ya chuma, kwa maana za zamani nyingi zimebadilishiwa waya na fundi wa mtaani akaacha erthi ikining'inia. Ikipita hapo, ondoa balbu ya kinga, pima volti bila mzigo, kisha ongeza taa za mbele za gari za wati 55 moja baada ya nyingine. Kila moja ni kama ampea nne na nusu. Volti zisiteleze.

Msomaji wa Kasulu

Nyongeza ndogo kwa wengine watakaopita hapa: kwenye minada ya huku simu za upepo za mashirika, hasa zile za chapa ya Codan, ni nyingi kuliko redio za ridhaa. Hizo ni imara sana, lakini hufanya kazi kwa chaneli zilizopangwa kwa programu. Kabla ya kulipa uliza kama kebo na programu ya kuipanga vipo, na kama kichwa cha mbele na waya wake vimekuja pamoja na mwili, la sivyo utanunua sanduku lisilofunguka. Na huyo mteja wa Kasulu si mimi; usiharakishwe naye.

Mkazi wa Ujiji

Wakuu, niko kwa mzee na mwanaredio wa Gungu tangu mchana, tumepumzika kidogo kwa chai, na sijalipa bado. Pawa saplai ilipita kwenye balbu, lakini kwa taa tatu za gari volti zilianguka kutoka 13.7 hadi 11 na ikaanza kuvuma, nasi tumeiweka kando. Amplifaya hatukuigusa. Redio kwa betri yangu inapokea vizuri kwenye 7, 14 na 21, na ZS6DN tumemsikia mpaka mstari wa wati 10. Kurusha kwenye mzigo bandia kunatoa volti 30 na kidogo kwenye bendi zote tatu, na sauti ni safi.

Mambo mawili yanatusumbua. Kwanza, mara nyingine kupokea kunafifia ghafla, na nikibonyeza kurusha mara moja kunarudi. Pili, kwenye megahezi 28 ukichomeka antena mvumo haupandi hata kidogo. Mzee anasema kama bendi moja imekufa atapunguza, lakini sipendi kumpunguzia bei kwa kasoro nisiyo na hakika nayo.

Fundi wa Isevya, Tabora

Marahaba, na umefanya vema kuuliza kabla ya kumkata mzee fedha yake.

La kwanza ni rilei ya kubadilisha antena kati ya kupokea na kurusha. Migusano yake imeshika kutu nyembamba, na unapobonyeza inajikwangua na kupata uhai kwa muda. Ni kasoro halisi lakini ni nafuu. Rilei hubadilishwa au husafishwa, na unaweza kumwomba mzee apunguze kidogo kwa haki.

La pili usilihukumu kwa antena hiyo. Waya wa mita 20 unakubaliana na 7, na kwa bahati unakubaliana pia na 21 kwa kuwa ni mara tatu yake, lakini 28 ni mara nne, na hapo katikati ya waya upinzani ni mkubwa mno kwa kebo yako. Ongeza kwamba kelele ya asili kwenye 28 ni ndogo kuliko ya 7. Jaribu kwanza kurusha wati 10 kwenye mzigo bandia katika 28.5, zikitoka volti 30, vichujio vya kurushia vya bendi hiyo ni vizima. Kisha kata waya mwingine wa mita 5 na sentimita chache, uugawe katikati kama ule wa kwanza, uupandishe hata mita tatu tu, na urudie jaribio la kuchomeka. Mvumo ukipanda hata kidogo, au ukisikia chochote kwenye 28.200 ambako vituo vilevile vya ishara hurusha, bendi ni nzima. Usiposikia kitu, mwombe mwanaredio wa Gungu arushe wati chache kwenye mzigo bandia wake kutoka chumba cha pili, nawe usikilize.

Mkazi wa Ujiji

Kurusha kwenye 28.5 kumetoa volti 30. Kwa waya wa mita 5 mvumo unapanda kidogo lakini kwa hakika, na redio ya mwenzangu kutoka chumba cha pili imesikika vizuri, namba zikilingana. Tumekubaliana na mzee bei ya redio peke yake, pungufu ya gharama ya rilei. Hati ya mnada anayo, namba zimelingana, na mauziano yameandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Pawa saplai na amplifaya zimebaki kwake, na nimemwandikia kwenye karatasi, kisha nikaibandika juu ya amplifaya, kwamba ni ya volti 117, isichomekwe wala kufunguliwa na mtu asiye fundi wa volti kubwa.